Sisi ngapi? Datsun ya Igogo na somo la Safari Rally

Wadau, leo siasa tuziweke pembeni kidogo. Nataka tuongelee injini. Najua kuna watakaosema "huyu naye kaishiwa habari", lakini vumilieni, maana ndani ya hili kuna historia yetu wenyewe ambayo watu wa rika langu tumeachiwa vipande vipande tu.

Pasaka ya mwaka 1973 mashindano ya East African Safari Rally yalimalizika kwa sare. Ndiyo, sare, kama Pamba na Toto Africans! Shekhar Mehta, aliyekuwa na Datsun 240Z, na Msweden Harry Källström, aliyekuwa na Datsun 1800 SSS, walifika mwisho wakiwa na idadi ileile ya pointi za adhabu. Maelfu ya kilomita za vumbi, matope na mito iliyofurika, halafu hesabu inakuja sawasawa. Ikabidi waandaaji wafungue kitabu cha kanuni: mshindi awe yule aliyekwenda umbali mrefu zaidi tangu mwanzo bila kupata adhabu. Mehta akapewa kombe.

Sasa angalia vizuri magari hayo mawili. 240Z ya Mehta ina silinda 6, cc 2393. Ni gari la milango miwili, la chini, la kifahari. 1800 SSS ya Källström ina silinda 4, cc 1770. Ni gari la familia, la mwalimu mkuu au la meneja wa benki. Tofauti ni zaidi ya cc 600, na bado njia za Afrika Mashariki zikayaona yote mawili sawa. (Mehta mwenyewe ana hadithi yake. Alizaliwa Uganda, na ushindi huo ulikuja miezi michache tu baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972. Yeye aliendelea na maisha Kenya. Siku moja nitaandika kuhusu hilo peke yake.)

Kwa nini naleta mambo ya 1973 leo? Kwa sababu hapa Igogo, kando ya barabara ya Kenyatta inayotoka mjini kwenda Mkuyuni, kuna gereji ambayo kwa wiki kadhaa imekuwa na ubishi huohuo. Kuna jamaa mmoja, tumepishana umri kidogo tu, kaachiwa na marehemu baba yake Datsun 1600 ya mwanzoni mwa miaka ya 70, ile tunayoijua kama 510. Bodi bado ngumu, viti vimechoka, injini imekufa. Kaka zake wanataka iuzwe skrepa wagawane. Mama yao kasema gari la mume wake halitoki pale nyumbani likiwa limebebwa: ama litoke kwa miguu yake, ama libaki. Lakini naye kaweka mwisho, mwezi Desemba. Jamaa ana fedha za kutengeneza injini moja tu, hana za kujaribu mara mbili. Kwa hiyo swali la "sisi ngapi" kwake si la kijiweni.

Vijiweni majibu yapo tele. Wa kwanza anasema rudisha 1600 ileile, gari la zamani ni la zamani. Wa pili anasema weka 1800. Wa tatu anasema ukishafungua kwa nini uogope, weka lita 2. Na wa nne, ambaye hakosekani Bongo nzima, anasema toa takataka yote hiyo, weka injini ya Carina, "spea kila kona". Huyu wa nne tutarudi kwake.

Mimi niliona nianze na historia, kwa sababu swali hili Afrika Mashariki limeulizwa kwa miaka zaidi ya 20, tena na viwanda vikubwa vyenye fedha, wahandisi na ndege za kubebea spea. Majibu yao yapo wazi, mtu akitaka kuyasoma.

Safari ilianza mwaka 1953, mwishoni mwa Mei, kwa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Siku zile sehemu kubwa ya njia zilikuwa za udongo, na kitu kinachonifurahisha ni kwamba waandaaji hawakuyapanga magari kwa ukubwa wa injini kama ilivyokuwa kawaida Ulaya. Waliyapanga kwa bei! Gari linauzwa shilingi ngapi dukani Afrika Mashariki, basi hilo ndilo daraja lako. Kwangu mimi hii ni akili kubwa. Mnunuzi wa Nairobi, Kampala au Mwanza hakuwa na haja ya kujua gari lipi lina silinda kubwa. Alitaka kujua kwa fedha yake apate chombo gani kitakachomfikisha.

Na matokeo? Mwaka 1953 aliyemaliza na adhabu chache kuliko wote alikuwa na Volkswagen ya mgongo, yenye injini ya cc 1131 na nguvu farasi 25. Farasi 25, jamani! Siku hizi kuna pikipiki mjini zenye zaidi ya hapo. Volkswagen ikashinda tena 1954. Mwaka 1956 Eric Cecil, mmoja wa waasisi wenyewe wa mashindano, alishinda na DKW ya silinda 3, injini ya kuchanganya mafuta na oili kama ya mashine ya boti, chini ya cc 900. Mwaka 1957 Volkswagen tena, na 1962 tena. Katikati hapo Mercedes zikatawala: 219 ikachukua 1959 na 1960, halafu 220 SE mwaka 1961, zote zikiwa na silinda 6 za lita 2 na ushee. Kwa hiyo usije ukasema gari dogo ndilo dawa. Hapana. Lakini pia usiseme kubwa ndilo dawa.

Halafu ikaja Peugeot 404. Hapa naomba Watanzania tukae vizuri kwenye viti, maana mshindi wa mwaka 1966 na 1967, Bert Shankland, alikuwa mkazi wa Dar es Salaam, Mskoti aliyekuwa akifanya kazi kwenye biashara ya Peugeot pale. Msaidizi wake alikuwa Chris Rothwell. Gari lao lilikuwa 404 ya cc 1618, injini imelazwa kwa nyuzi 45 ili boneti iwe chini, na mafuta yanaingia kwa pampu ya sindano badala ya kabureta. Mwaka 1963 na 1968 404 nyingine, ya Nick Nowicki na Paddy Cliff, nayo ilishinda. Hiyo miaka miwili ndiyo ile ya mvua ambayo wazee wanaisimulia mpaka leo. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7. Mara zote mbili aliyetangulia katika hao saba ni Nowicki, na gari lenye injini ya lita 1 na pointi 6.

Ukitaka kujua kwa nini wazee wetu walizipenda Peugeot mpaka zikawa teksi na magari ya abiria, jibu mojawapo ni hilo. Tangazo halikuwa kwenye gazeti tu. Lilikuwa limepita barabarani likiwa limejaa tope.

Lakini turudi kwenye Datsun, maana ndiyo mgonjwa wetu.

Kampuni ya Nissan ilianza kuleta magari Safari miaka ya 60 na kwa muda mrefu ikawa inasindikiza. Mwaka 1970 mambo yakageuka: Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, akishirikiana na Hans Schüller, alishinda na Datsun 1600 SSS. Wa pili alikuwa Joginder Singh, naye na 1600 SSS. Zawadi ya timu pia ikaenda Datsun. Hilo ndilo gari la Igogo, ndugu msomaji, tofauti ni kwamba SSS ilikuwa na kabureta mbili na hili la jamaa yetu lina moja.

Mwaka uliofuata, 1971, Nissan wakaja na 240Z. Herrmann akashinda tena, Mehta akawa wa pili. Watu wakasema basi, siku za 1600 zimekwisha.

Hapa nataka niwaonyeshe kitu ambacho fundi wa Igogo alinichorea kwa chaki kwenye sakafu, na mimi nikaenda kukihakiki kwa kikokotoo. Ukubwa wa injini ni hesabu ya darasa la saba: kipenyo cha silinda mara chenyewe, mara 0.7854, mara urefu ambao pistoni inapanda na kushuka, mara idadi ya silinda. Injini ya Datsun 1600, wanaiita L16, ina kipenyo cha milimita 83 na mwendo wa pistoni wa milimita 73.7. Piga hesabu kwa sentimita: unapata cc 398 na kitu kwa silinda moja. Mara 4, ni cc 1595. Sasa mara 6... ni cc 2393. Umeona? Injini ya 240Z ni ileile 1600 iliyoongezewa silinda mbili! Kipenyo kilekile, mwendo uleule. Kwa hiyo Nissan walipoenda lita 2.4 hawakuwa wamegundua injini yenye nguvu zaidi kwa kila silinda. Waliongeza silinda, na pamoja nazo chuma, na chuma hicho chote kinakaa juu ya magurudumu ya mbele.

Kwenye barabara nyoofu na kavu, hiyo ni neema. Kwenye tope ni mzigo. Wasukuma tuna jina la ule udongo mweusi wa mabondeni unaopasuka kiangazi na kugeuka gundi masika: tunauita mbuga. Aliyewahi kukwama nao upande wa Shinyanga au Magu anajua kwamba pale gari zito la mbele linajizika lenyewe, na hata uwe na farasi 150 unachimba kaburi kwa kasi zaidi.

Miaka iliyofuata inasomeka kama ubishi wa kijiweni uliopewa tarehe. 1972: Hannu Mikkola akawa dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kushinda, akiwa na Ford Escort RS1600. 1973: ile sare. 1974: Joginder Singh, na Mitsubishi Lancer ya cc 1600, akamshinda Björn Waldegård aliyekuwa na Porsche 911 ya lita 2.7. 1975: Peugeot 504 ya lita 2 mbele, Lancia Stratos mbili zenye injini ya Ferrari zikafuata nyuma. 1976: Joginder tena, Lancer ileile ya 1600, na Lancer nyingine mbili zikashika nafasi ya pili na ya tatu.

Joginder lazima nimpe aya yake. Alizaliwa Kericho mwaka 1932. Kabla ya kuwa bingwa alikuwa fundi, na mwaka 1958 akaajiriwa na chama cha waendesha magari cha Afrika Mashariki kuzunguka barabarani kuwasaidia walioharibikiwa. Mwaka 1965 yeye na mdogo wake Jaswant walishinda Safari na Volvo PV544 ya lita 1.8, tena si mpya, ni gari lililokwishatumika mashindanoni. Ushindi mara tatu, na hakuna gari lake lililofika lita 2. Makalasinga, kama tunavyowaita, ndio waliofungua gereji nyingi za mwanzo kwenye miji yetu, Mwanza ikiwemo. Fundi wetu wa Igogo anasema alijifunza kushika spana kwa kijana aliyefundishwa na Kalasinga, kwa hiyo ukipenda unaweza kusema yeye ni mjukuu.

Mwaka 1979 Mercedes waliamua kumaliza ubishi. Wakaleta 450 SLC yenye V8 ya lita 5, gia zinajibadilisha zenyewe. Mikkola akaiendesha. Akawa wa pili. Aliyemshinda ni Mehta, akiwa na Datsun Violet, ile iliyoandikwa 160J, gari la silinda 4. Mehta akarudia 1980, 1981 na 1982. Mara nne mfululizo! Nissan, waliokuwa na injini ya silinda 6 iliyoshinda mara mbili, waliiacha kabatini wakarudi kwenye silinda 4. Lakini, na hili wale wa "rudisha 1600" hawapendi kulisikia, hawakubaki na cc 1600. Violet GT ya mwisho ile ilikuwa na lita 2. Jina na injini havikuwa vinaongea lugha moja.

Na hapo ndipo ninapotaka kuwaambia wadau kitu kuhusu hizo namba. Mara nyingi hazikuchaguliwa na dereva wala fundi. Zilichaguliwa na karani. Uingereza kabla ya vita gari lilitozwa kodi kwa kipenyo cha silinda, basi viwanda vikatengeneza injini za silinda nyembamba na ndefu, na magari hayo ndiyo yakaletwa huku kwetu kupanda milima bila hamu. Utaratibu huo ulifutwa mwishoni mwa miaka ya 40, lakini injini zake ziliendelea kuishi. Japani nako, gari likizidi lita 2 kodi inapanda sana, ndiyo maana 240Z ile iliyokuja Safari, kwao iliuzwa zaidi ikiwa na injini ya lita 2. Ford je? Injini ya Escort RS1600 iliandikishwa kuwa cc 1601. Ile cc moja haikuongeza nguvu yoyote. Iliandikwa ili gari lihesabike kwenye daraja la zaidi ya 1600, na hapo kanuni zikawaruhusu kuipanua kuelekea lita 2.

Na sisi tusijione tuko nje. Ushuru wa bidhaa kwa magari yanayoingia Tanzania umekuwa ukipangwa hivihivi: hadi cc 1000 hakuna, kuanzia hapo hadi 2000 asilimia 5, ukizidi 2000 asilimia 10. Na mpaka mwaka 2017, ilipofutwa, ile leseni ya barabara ya kila mwaka nayo ilikuwa inaangalia cc. Kizazi chetu kimejifunza kusema "ina sisi ngapi" kwanza kwenye karatasi za TRA, si kwenye mashindano.

Haya, sasa Igogo.

Kuna kitu kimoja ambacho kwenye kijiwe hakuna aliyekitaja, na kwangu ndicho kinachoamua. Ziwa letu liko mita 1134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya Mwanza ni nyepesi kuliko ya Dar au Tanga kwa karibu asilimia 10, na injini isiyo na tabo inavuta hewa iliyopo, haina namna nyingine. Kwa hiyo cc 1595 zikiwa Igogo zinapumua kama cc 1400 na kidogo zikiwa pwani. Marehemu mzee alilinunua gari lake Dar, akakaa nalo Dar miaka mingi, akalileta Mwanza alipostaafu. Familia inakumbuka kwamba "huku lilikuwa zito". Wakadhani limezeeka. Sehemu ya uzito ule ilikuwa hewa tu! Na kama kabureta haikubadilishwa jeti kuwa ndogo kidogo, basi lilikuwa pia linakunywa mafuta mengi kuliko hewa inayoingia, linatoa moshi mweusi na kuchafua plagi.

Sasa geuza hesabu. Injini ya L18, ile ya Datsun 180B na ile ya Källström, ina kipenyo cha milimita 85 na mwendo wa 78. Ni cc 1770. Ondoa asilimia 11 ya hewa ya Mwanza: unabaki na 1575. Yaani 1800 hapa Igogo ndiyo 1600 aliyoizoea mzee kule Dar. Nilipomwonyesha fundi karatasi yangu aliiangalia, akaikunja, akaniambia, "Ng'wanawane, mimi nilijua hivyo kwa sikio, ila andika tu."

Mambo mengine fundi aliyaeleza kwa mkono. Kubaki na bloku ya 1600 na kuichonga: unaweza kupanua silinda kwa milimita moja, ukapata 84. Hesabu inakupa cc 1634. Cc 39 tu za ziada, na ukuta wa silinda umepungua. Hiyo si kuongeza nguvu, ni kuondoa mikwaruzo, na kama spea za pistoni za saizi hiyo huna mkononi usianze. L18 kwa nje bloku yake ina kimo kilekile cha L16, kwa hiyo inakaa palepale, mauntingi zilezile, gia boksi ileile, boneti inafunga. L20B, ile ya lita 2, ina pistoni inayotembea milimita 86, na bloku yake imerefuka kwenda juu kwa karibu sentimita 2. Inaingia, watu wanaziweka dunia nzima, lakini bomba la ekzosi linabidi litengenezwe upya, na nguvu ile inaanza kuuliza maswali klachi, difu na breki za mbele. Kila swali ni fedha. Mtu mwenye fedha ya injini moja hana fedha ya maswali.

Nikiri kwamba mimi moyoni ni mtu wa lita 2. Sauti yake ni nyingine kabisa. Lakini bajeti haina masikio.

Na injini ya Carina? Nilisema tutarudi. Sitaki kuwacheka wanaoitetea, kwa sababu hoja yao ya spea ni ya kweli, na usafi wake wa mafuta ni wa kweli. Kuna pia hoja nzuri zaidi ambayo wao hawaisemi. Pale Mwanza South, si mbali na gereji hii, MV Victoria, meli iliyoanza kazi ziwani mwaka 1961, ilifungwa injini mpya na kurudi majini mwaka 2020, na hakuna mtu wa Bukoba aliyekataa kupanda kwa sababu injini si ya asili. Chombo ni cha kusafiri. Sawa. Ila kwenye Datsun hii kuna tatizo la kawaida la chuma: mauntingi za kuchomelea kwenye bodi ya miaka 50, gia boksi nyingine, shafti ya kukata na kuunga, waya zote upya. Fundi alihesabu vidole, akamaliza mkono mmoja, akaanza wa pili. Desemba ingepita.

Wapo watakaoniuliza mbona mashindano ya sasa ya magari ya zamani, East African Safari Classic, yaliyoanza 2003 na ambayo yamewahi kuingia hadi Tanzania, yanashindwa na magari makubwa. Ni kweli. Waldegård, ambaye Porsche yake ilipigwa na 1600 ya Joginder mwaka 1974, alishinda Classic ya 2011 akiwa na Porsche 911. Carl Tundo alishinda 2017 na Triumph TR7 yenye V8. Lakini njia za leo si zile. Daraja limejengwa, mto haukusubiri tena. Gari haliendi usiku kucha na springi moja ya akiba. Na nyuma ya Porsche ya siku hizi kuna lori zima la spea na mafundi, wakati nyuma ya Datsun ya Igogo kuna mzee mmoja mwenye boksi la spana na kijana wa kushika tochi. Mimi naona mfano wa mtu wa Igogo ni Joginder wa 1965: gari lililotumika, lita 1.8, fundi anayelijua.

Basi jamaa kachagua. Bloku ya L18 imepatikana kutoka kwenye 180B iliyokuwa imelala miaka mingi nyuma ya nyumba ya mtu Nyakato, redieta yake ikiwa imegeuzwa kiota. Silinda zilikuwa na ukingo juu, kwa hiyo imepelekwa kuchongwa nusu milimita, hadi 85.5. Nilipiga hesabu palepale kwenye simu: cc 1791. Krenkishafti ilipimwa, ikakutwa inahitaji kusuguliwa saizi moja tu. Hedi itatumika ileile ya 180B, vali zimesagwa upya. Kabureta wamekubaliana iwe moja kwanza. Hizo mbili za SSS zitafutwe taratibu, na jeti zifungwe za hewa ya huku. Kaka mkubwa, yule wa skrepa, ndiye aliyetoa fedha ya pistoni. Hakusema kwa nini.

Kilichobaki ni karatasi. Kadi ya gari bado ina namba ya injini ya zamani na cc 1595, na injini ikishafungwa lazima TRA wabadilishe. Jamaa aliuliza kama pale nyuma ya buti nako aondoe kile kibao cha "1600". Fundi alikuwa chini ya gari, akajibu bila kutoka: kwenye kadi andika kilichomo, kibao mwachie baba yako.